HISTORIA FUPI YA KINA MAMA MAFUNDI WA UMEME WA JUA



Kitabu hiki kinaeleza miaka 10 ya kikundi chetu: hisa, mikopo na marejesho. Lakini tumeona tutenge ukurasa huu kwa historia ya kina mama wenzetu wa mbali, kwa sababu lipo jambo linatungoja. Wanachama wengi wameomba kikundi kianze kutoa mkopo wa umeme wa jua. Ombi ni zuri. Ila kabla hatujafungua sanduku, ni vema tujue wenzetu walifanyaje. Kununua taa ni kazi ya siku moja. Kuitunza iendelee kuwaka ni kazi ya miaka.

Twende kwanza Chile, Amerika ya Kusini. Kaskazini mwa nchi hiyo, katika Jangwa la Atacama, kipo kijiji kinaitwa Caspana. Kipo mita kama 3,300 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa Mlima Kilimanjaro. Wenyeji wake ni Lickanantay, watu wa asili waliokuwa pale kabla Wahispania hawajafika. Wanalima mashamba ya ngazi na kufuga. Jangwa lile lina migodi mikubwa ya shaba inayofanya kazi kwa umeme usiku na mchana. Lakini Caspana walikuwa na jenereta tu, nayo iliwapa umeme kwa muda wa saa mbili na nusu kila jioni. Ikizimwa, kijiji kizima giza. Na huku jua la Atacama ni miongoni mwa makali kabisa duniani! Mali ilikuwa juu ya vichwa vyao, wa kuiteremsha hayupo.

Mwezi Machi 2012, wanawake 5 wa makabila ya asili ya kaskazini mwa Chile, 2 kati yao wa Caspana, walisafiri hadi India, kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan. Huko kuna Chuo cha Barefoot, yaani chuo cha watu wa miguu mitupu. Kilianzishwa mwaka 1972 na Bwana Bunker Roy. Chuo hiki hakiulizi cheti. Kinataka mama wa kijijini, hata awe bibi mwenye wajukuu, hata kama hajui kusoma. Bwana Roy ameeleza sababu mara nyingi: kijana wa kiume akishapata cheti hukimbilia mjini kutafuta kazi, lakini bibi hurudi kijijini kwake na kubaki. Hatusemi haya kuwadharau kina baba. Ndivyo walivyoona wao.

Mafunzo yao yalichukua miezi 6. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi na hawana lugha moja, basi hujifunza kwa ishara, kwa rangi za nyaya, kwa namba, na kwa kurudia kazi kwa mikono mpaka ieleweke. Wanajifunza kuunganisha taa, kufunga paneli na betri, na kutafuta hitilafu.

Wale wawili waliporudi Caspana hawakupigiwa vigelegele. Watu walitia shaka: wanawake hawa wataweza kweli umeme? Wazee wa kijiji wakataka kwanza waione kazi yao. Wakaionyesha. Hatimaye wakafunga umeme wa jua katika nyumba 127. Vifaa vilitoka kwa wafadhili, hilo tuliseme wazi. Lakini taa ikizimika, fundi ni jirani, anaitwa kwa jina lake.

Sasa tusikilize sehemu inayotuhusu sisi watu wa sanduku. Katika utaratibu wa Tilonia, kijiji hakipelekewi paneli kwanza. Kwanza wanakijiji wanakutana, wanachagua kamati, wanachagua kina mama wa kwenda kusoma. Kisha kila nyumba inakubali kulipa kila mwezi kiasi kinacholingana na kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa, mishumaa na betri za tochi. Fedha hiyo inaingia mfuko wa kijiji. Mfuko ndio unaomlipa mama fundi na kununua vipuri. Kumbe ni haba na haba ileile tuliyoizoea!

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kina mama wa vijiji vya Lindi na Mtwara walikwenda Tilonia, wakarudi mafundi. Wenzetu wa Zanzibar nao walikwenda, na baadaye chuo kikafunguliwa Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, mama akasoma bila kuvuka bahari kwenda India. Mwezi Julai 2016, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipofika Dar es Salaam, alikutana na kina mama hao mafundi.

Ndugu wanachama, hapa kwetu tumeshaona paneli juu ya bati, na chini yake kibatari kinawaka. Betri imekufa, muuzaji hajulikani alikokwenda, na deni bado linadaiwa. Ndiyo maana sisi viongozi tunaleta pendekezo kwenye mkutano mkuu: mkopo wa sola usianze mpaka mambo mawili yawe tayari. Moja, kila mkopaji aweke akiba ndogo ya betri kila mwezi, kwenye mfuko wake wa pekee, usiochanganywa na hisa. Pili, tuchague wanachama wawili wakasomee ufundi kwa gharama ya kikundi, na wawe watu wa kukaa hapa. Tutachelewa kidogo, ni kweli. Lakini Caspana wamekaa gizani miaka mingi kuliko sisi, na bado walianza na fundi.

Tunaomba kila mmoja aje mkutanoni na mawazo yake. Umoja wetu udumu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati