Shampuu kavu: Ipi nafuu na inayofaa?

Na Mwandishi Wetu

SHAMPUU kavu iliyo nzuri haitambuliki kwa bei yake. Mnunuzi atakayepanga makopo matatu au manne na kusoma maandishi madogo yaliyo mgongoni atagundua kuwa yanafanana kuliko bei zake zinavyoonyesha.

Mfano ulio wazi ni Batiste, bidhaa yenye asili ya Uingereza ambayo tangu mwaka 2011 inamilikiwa na kampuni ya Church & Dwight ya Marekani. Katika kopo lake la kawaida, viungo vitatu vinavyotangulia ni butani, isobutani na propani, na cha nne ni wanga wa mchele. Kwa kuwa viungo vya vipodozi huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kinacholipiwa dukani ni gesi, ya jamii ileile inayojazwa katika mitungi ya kupikia. Kinachofanya kazi kichwani ni wanga. Vingine ni pombe inayosaidia unyevu kukauka upesi, pamoja na manukato.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kando ya kila shina la unywele ipo tezi inayotoa mafuta ya asili, na mafuta hayo yakizidi, nywele hulala na kung'aa isivyopendeza. Chembe za wanga huyafyonza, kisha huondolewa kwa brashi pamoja na mafuta zilizoyabeba. Chumvi ya jasho, vumbi lililoganda na mba havitoki kwa njia hiyo. Kwa hiyo neno shampuu limetumika hapa kwa ukarimu, kwani hakuna kinachooshwa.

Kutia wanga kichwani ni desturi kongwe. Matajiri wa Ulaya wa karne ya 18 walijipaka kichwani poda iliyotokana na wanga wa nafaka, na mwaka 1795 Serikali ya Uingereza ikaona hapo pana mapato: kila aliyetaka kutumia poda ya nywele alitakiwa kulipa kodi ya gini moja kwa mwaka. Wengi waliachana na mtindo huo.

Bidhaa za siku hizi zinatofautiana kwa bei kuliko kwa kazi. Batiste ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi miongoni mwa zile za bei ya chini, na kopo lake la mililita 200 huuzwa Uingereza kwa pauni chache tu. Klorane ya Ufaransa, inayojulikana kwa maziwa ya shayiri yaliyomo ndani yake, ni laini zaidi na harufu yake haisumbui, lakini huuzwa kwa bei kubwa zaidi katika kopo dogo zaidi. Living Proof ya Marekani iko juu ya zote hizo. Inasifiwa kwa kutoacha unga mwingi, na sifa hiyo inastahili, ila ni vigumu kumshauri mtu mwenye kipato cha kawaida alipe mara kadhaa ya bei ya Batiste kwa ajili ya tofauti hiyo.

Njia salama ya kulinganisha ni kugawa bei kwa ujazo. Ikiwa kopo la mililita 200 linauzwa pauni 4, kila mililita inagharimu peni 2. Ikiwa la mililita 150 linauzwa pauni 12, kila mililita ni peni 8, yaani mara nne. Hesabu ni hiyohiyo kwa shilingi, na inafichua jambo moja linalowaponza wengi: vikopo vidogo vya mililita 50 vinavyoonekana rahisi mara nyingi ndivyo ghali zaidi kwa kila mililita.

Kwa mwenye nywele nyeusi, rangi ni muhimu kuliko chapa. Shampuu kavu ya kawaida huacha weupe kama wa majivu. Batiste na watengenezaji wengine wanazo aina zilizotiwa rangi ya kahawia iliyokolea, na mnunuzi wa Afrika Mashariki angefaa kutafuta hizo, ingawa huweza kuchafua foronya na kola za mashati meupe.

Pamoja na bei, lipo suala la usalama. Desemba 2021 kampuni ya Procter & Gamble iliziondoa sokoni Marekani baadhi ya bidhaa za kupuliza, zikiwamo shampuu kavu za Pantene na Herbal Essences, baada ya kugundulika benzini ndani yake. Oktoba 2022 Unilever nayo iliondoa baadhi ya shampuu kavu za Dove, TRESemmé, Suave, Nexxus na TIGI zilizotengenezwa kabla ya Oktoba 2021. Wiki chache baadaye maabara ya Valisure ya Marekani ilitangaza kuwa imepima matoleo 148 ya chapa 34, na asilimia 70 ya sampuli zilikuwa na benzini ya kiasi kinachopimika. Benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu. Kampuni hizo zilieleza kuwa viwango vilivyopatikana havikutarajiwa kumdhuru mtumiaji, na chanzo kilichotajwa ni gesi inayosukuma dawa, wala si wanga.

Hapo ndipo poda isiyo na gesi inapopata nafasi. Klorane na kampuni nyingine huuza poda za kunyunyiza, na gramu 100 za poda karibu zote ni kiungo kinachofanya kazi. Hata hivyo, iliyo nafuu kuliko zote iko kwenye rafu ya vyakula: wanga wa mahindi, ule laini mweupe wa kuzitia uzito supu na mchuzi. Si unga wa sembe, ambao chembe zake ni kubwa na huishia kukwama kichwani. Kwa nywele nyeusi, wanga huo huchanganywa na unga wa kakao usio na sukari hadi rangi ikaribiane na ya nywele.

Wanaotumia poda ya watoto wahakikishe kuwa imetengenezwa kwa wanga. Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka talki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na Johnson & Johnson iliacha kuuza poda yake ya watoto yenye talki duniani kote mwaka 2023.

Si kila kichwa kinahitaji bidhaa hizi. Katika nywele za kipilipili mafuta hayateremki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, hivyo tatizo lake huwa ni ukavu, na wanga pamoja na pombe huuzidisha. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri watu weusi waoshe nywele mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, muda ambao wengi huumaliza bila msaada wowote. Kwa waliosuka, poda hujificha kati ya mistari na kuonekana kama mba. Kitambaa kilicholoweshwa maji yenye shampuu kidogo na kupitishwa kwenye mistari kinafaa zaidi.

Wanaonufaika ni wenye nywele za singa, na wale waliotoka saluni kunyooshwa nywele ambao tone la maji litawarudisha mwanzo na kuwagharimu tena. Wakati wa mgao wa maji, kama ule wa Dar es Salaam wa Oktoba 2022, siku mbili za nafasi si jambo dogo.

Kopo hupulizwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, mahali penye hewa na mbali na jiko au sigara. Poda hupakwa kwenye mashina kwa brashi ya vipodozi. Katika hali zote mbili wanga uachwe dakika chache ufyonze kabla ya kuchana, na baada ya matumizi mawili mfululizo kichwa kioshwe kwa maji, kwani mabaki yakirundikana huziba vinyweleo na kuleta muwasho. Kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kwa wasafiri wa ndege, lile la mililita 200 halikubaliki katika mkoba wa mkononi kwenye viwanja vingi.