Sinema ya kambi na cité (Kikula, Likasi)

Sinema ya kambi ni maonyesho ya filamu waliyoandaliwa wafanyakazi Waafrika wa migodi ya Katanga wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kitambaa cheupe kilikuwa kimoja, mashine ilikuwa moja, na filamu ilichaguliwa na mwajiri au padri. Makala hii inaangalia zaidi mji wa Likasi na komini yake ya Kikula.

Likasi iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, na ina komini (mitaa ya utawala) nne: Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe. Ukijua nani alikaa wapi, umekwisha kuelewa nusu ya historia ya sinema hapa. Hadi 1966 mji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Union Minière du Haut-Katanga. Wazungu walikaa katikati ya mji. Wafanyakazi wa kampuni walikaa kambini, Panda na Shituru, karibu na viwanda. Waafrika wasio wa kambi, yaani mafundi, wachuuzi, makarani na jamaa zao, walikaa Kikula, ile iliyoitwa cité.

Kule Zanzibar, ukumbi wa Royal ulifunguliwa 1921 kama biashara: mwenye ukumbi aliagiza filamu ambazo watu wangezilipia, na filamu isiyopendwa ilimtia hasara. Jadotville mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Union Minière iliundwa 1906, na kwa miaka mingi iliishi kwa kuajiri wanaume kwa mikataba mifupi. Walikufa kwa wingi, na wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mwendo. Mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kukaa na mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia siasa hiyo ya kazi. Nyumba, posho ya kila juma, zahanati na shule ya wamisionari vyote vilitoka mkono mmoja, na burudani ikaja katika furushi hilohilo. Mtu aliyekwenda kutazama filamu baada ya kazi hakuwa kilabuni akinywa pombe, wala hakuwa mkutanoni akizungumzia mshahara. Kampuni ililijua hilo vizuri.

Kampuni ilikuwa imejifunza nguvu ya kamera mapema. Katika miaka ya 1920 Ernest Genval alizunguka Kongo akipiga filamu kwa ajili ya makampuni ya kikoloni, ili watu wa Ubelgiji waone viwanda na reli. Mchimbaji wa Katanga alionekana kwenye sinema za Brussels muda mrefu kabla ya sheria kuamua yeye mwenyewe atazame nini.

Sheria iliyobana zaidi ilitoka mwaka 1945. Ilimkataza Mwafrika kuingia katika onyesho lolote, la hadhara au la faragha, isipokuwa filamu hiyo imepitishwa na tume ya udhibiti kwa watazamaji Waafrika. Msomaji na aufikirie mwaka huo. Agosti 1945 bomu lilianguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu ilikuwa imetoka mgodi wa Shinkolobwe, mwendo mfupi tu kutoka Likasi. Mikono iliyochimba madini hayo ilihesabiwa kuwa ya watu wasioweza kuaminiwa kutazama filamu ya mapenzi.

Udhibiti huo ulitegemea nadharia. Maofisa na mapadri kadhaa waliandika kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo atengenezewe filamu fupi, za polepole, zenye funzo. Mwaka 1946 mapadri walianzisha katika mji mkuu, Léopoldville, kituo cha Kikatoliki cha sinema, na huko Luluabourg zikapigwa filamu za vichekesho za Matamata na Pilipili. Watazamaji walicheka kwelikweli. Wachezaji wale walikuwa na kipaji. Lakini nadharia yenyewe ilikuwa ya uongo, na vijana wa Léopoldville waliionyesha hivyo miaka ya 1950 walipojiita akina Bill, wakivaa na kutembea kama wapanda farasi wa filamu za Kimarekani. Walikuwa wamefuata kila picha.

Desemba 1957 Jadotville ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza Kongo kupiga kura za komini, pamoja na Léopoldville na Élisabethville (Lubumbashi ya leo). Miaka miwili na nusu baadaye ukoloni ulikwisha, ila kambi zilibaki na mwajiri wao. Union Minière ilitaifishwa 1967 na baadaye ikawa Gécamines, na posho, shule na hospitali zikaendelea kutoka kwake. Aliyekuwa na kazi alikuwa na vyote.

Anguko la Gécamines nalo likagusa vyote. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikia tani 50,000. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu yao walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengine wakifia hapohapo. Hao walikuwa majirani, walimu, watu waliokaa benchi moja na wengine wakitazama picha. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Kote Kongo kumbi kubwa za filamu ziligeuka makanisa au maghala. Filamu zikahamia mitaani, kwenye vyumba vya video vyenye televisheni moja na mabenchi, kisha kwenye simu.

Mwaka 2016 jina la zamani la mji lilirudi kwenye sinema za dunia katika The Siege of Jadotville ya Richie Smyth, inayosimulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapo Septemba 1961. Ilipigwa Afrika Kusini. Miaka mitatu baadaye wasanii wawili wa Lubumbashi, Tétshim na Frank Mukunday, walitoa Machini, katuni fupi kuhusu maisha ya watu katika nchi ya migodi. Wahusika wake ni mawe.