Friza mbili, jenereta moja: Namna ya kugawa umeme haba

Mchuuzi wa samaki mjini Muhuru Bay, Migori, au katika kisiwa cha Remba, Homa Bay, hukumbana na swali ambalo fundi hulijibu vyema kuliko muuza jenereta: je, jenereta moja ndogo yaweza kuendesha friza mbili? Omena huanikwa juani wakakauka. Mbuta mnene hahimili hayo, na stima ikipotea usiku mmoja, mtaji wote huwa hatarini.

Wengi husoma wati zilizoandikwa mgongoni mwa friza, wakazijumlisha, wakaridhika. Tuseme friza moja hutumia wati 150. Mbili ni 300, na jenereta ya wati 1,000 yaonekana kutosha na kusaza. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba kompresa, inapoanza kuzunguka, huvuta kwa muda mfupi mno umeme unaoweza kufikia mara tatu hadi sita ya kiwango chake cha kawaida. Friza yetu moja basi yaweza kudai wati 900 papo hapo. Mbili zikianza pamoja, 1,800. Jenereta huguna, umeme hushuka chini ya volti 240 zilizozoeleka nchini, nayo kompresa iliyoshindwa kuzunguka huchemka hadi nyaya zake zikaungua. Viyoyozi viwili katika gari la kulala watalii huleta balaa iyo hiyo, tena kubwa zaidi.

Dawa ni zamu. Washa friza ya kwanza, ngoja itulie, ndipo uwashe ya pili. Hata hivyo, kila friza hujizima na kujiwasha yenyewe, na saa yoyote zaweza kukutana. Kwa jenereta ndogo, ni salama zaidi kuendesha moja kwa saa mbili, kuichomoa, kisha kuipa nyenzake nafasi. Iliyozimwa isirudishiwe umeme kabla ya dakika tano, kwa kuwa gesi iliyoshindiliwa ndani huhitaji muda kutulia. Vifaa vya kulinda friji vinavyouzwa madukani huchelewesha umeme hivyo. Ukiwa navyo viwili, vitegeshe kwa muda tofauti.

Zamu hizo huwezekana kwa sababu ubaridi huwekeka kama akiba. Friza iliyojaa samaki waliokwisha kuganda, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Nafasi tupu ijazwe chupa za maji yaliyogandishwa. Lakini samaki waliotoka ziwani muda huo ni mzigo mwingine kabisa: wapoze kwanza kwa barafu, na usizijaze friza zote mbili jioni moja.

Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba nayo hula volti njiani. Anayenunua friza mpya atafute yenye kompresa inayoanza polepole. Bei yake ni ya juu, ila kwa maoni yetu ni afadhali kuliko jenereta kubwa inayokunywa petroli kila usiku.

Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake huua watu waliolala. Isiunganishwe kamwe na nyaya za nyumba kupitia soketi: umeme huo hurudi kwenye nguzo, ambako fundi aweza kuwa amepanda akiamini laini imezimwa.