Ngomeni: Mkonge ulivyoiokoa reli ya Tanga

Reli itokayo Tanga kwenda Muheza hupita Pongwe, kisha Ngomeni, stesheni iliyozungukwa na historia ya mkonge. Ni rahisi kudhani kuwa ilijengwa kwa ajili ya zao hilo. Sivyo. Wajerumani walipoanza kuitandaza mwaka 1893, walikuwa wakiitamani kahawa ya milima ya Usambara. Kahawa haikuzaa walivyotarajia. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, fedha za kampuni iliyoijenga zikaisha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua.

Mwaka huohuo wa 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Uzao wake ndio ulioipa reli mzigo wa kubeba.

Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa, yaani nyuzi zake, ni kilo 4 hivi. Yaliyobaki ni maji na makapi. Tena majani yakishakatwa hayangoji. Kwa hiyo shamba kubwa lilikuwa na korona yake papo hapo, yaani mashine ya kutenganisha singa na makapi, na reli nyembamba ya vigari vya kuleta majani. Singa zilioshwa, zikaanikwa, zikapigwa brashi na kushindiliwa kuwa marobota. Hapo ndipo stesheni ilipopokea kazi: marobota yakapakiwa kwenye mabehewa hadi bandari ya Tanga.

Waliokata majani hayo ni manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi wakitoka Kigoma, Njombe, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Isipojaa, hapati mshahara.

Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa mkonge kilianzishwa Mlingano, hapohapo Ngomeni. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 220,000. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani 20,000 hivi. Mzigo ulipopungua, stesheni nazo zikapoa.

Majina ya wenye mashamba yamehifadhiwa vizuri kwenye nyaraka. Ya manamba yamebaki kwa wajukuu wao, wengi wao wangali wakiishi mkoani Tanga. Halmashauri, shule na wenye mashamba wayakusanye sasa, wazee wangalipo. Waliojaza mabehewa ya Ngomeni wanastahili kuandikwa kwenye historia yake.