Wajumbe wa Dola Katika Vyuo Vikuu

Katika karne yake ya kwanza na zaidi, dola ya Marekani, ijapokuwa ilizaliwa mwaka 1776 kwa tangazo la usawa wa binadamu, haikumpa kila raia nafasi ya kuiwakilisha ughaibuni. Maana mishahara ya mabalozi na makatibu wao ilikuwa haba, haikidhi kodi ya nyumba wala gharama za karamu, na kwa hivyo aliyekubali uteuzi alikuwa aghalabu mwana wa tajiri, mwenye nasaba na sahibu wakubwa, awezaye kujigharamia heshima ya cheo chake.

Hali hiyo ilianza kurekebishwa mwaka 1924, ilipopitishwa sheria iliyoitwa kwa jina la John Jacob Rogers, mbunge wa Massachusetts, ambayo iliunganisha idara ya mabalozi na ile ya makonsuli kuwa utumishi mmoja wa nje, ikathibitisha mtihani wa kuingilia, na ikapanga mishahara kwa madaraja, kuanzia dola 3,000 hadi 9,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata aliingia Clifton Wharton, mwanasheria mweusi aliyefaulu mtihani huo, akapelekwa Monrovia, Liberia. Lakini kwa miaka mingi weusi wenziwe katika utumishi huo walikuwa wachache mno, naye mwenyewe hakupewa ubalozi ila mwaka 1961, alipotumwa Norway. Wanawake nao, hata waliofaulu, walilazimika kujiuzulu waolewapo, na desturi hiyo haikufutwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Katika habari hizi Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi kilichoasisiwa mjini Washington mwaka 1867, kina fungu lake. Hapo ndipo alipofundisha Ralph Bunche, mwanazuoni mweusi aliyejifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta huko London kabla ya kuja Afrika Mashariki kufanya utafiti. Naye mwaka 1949, alipotakiwa awe naibu wa waziri wa mambo ya nje, alikataa, kwa kuwa hakuridhia kuwarejesha watoto wake katika mji uliowatenga watu kwa rangi. Mwaka 1950 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa usuluhishi wake Mashariki ya Kati, akiwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa.

Ikawa katika miaka ya 1960 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianza kuwaweka vyuoni maofisa wake wa daraja za juu, waliokwisha kutumika nchi mbalimbali, wakae miongoni mwa walimu na wanafunzi. Hapo awali shughuli yao kubwa ilikuwa kufundisha na kuhutubia. Lakini baada ya sheria ya mwaka 1980 kuagiza kwamba utumishi huo ufanane na taifa zima, kazi ya kutafuta vijana na kuwanasihi ilizidi kupewa uzito, hata ofisa mmoja akakabidhiwa eneo la majimbo kadha, avizungukie vyuo vyake. Howard ni miongoni mwa vyuo vilivyowapokea maofisa hao, na chuoni hapo pia, mwaka 2002, ulianzishwa mpango wa ufadhili wenye jina la mbunge Charles Rangel, wa kuwasomesha vijana shahada ya pili kwa sharti la kuja kutumika.

Nasaha za maofisa hao hazina fumbo: kwamba utumishi hauna sharti la shahada, bali mwombaji awe raia aliyetimiza miaka 20 na asiyezidi 59; kwamba atachagua njia moja katika tano, nazo ni ukonsuli, uchumi, utawala, siasa na uhusiano na umma; na kwamba baada ya mtihani wa maandishi kuna usaili wa mdomo. Haya yote yameandikwa wazi, lakini kijana ambaye katika ukoo wake hajapata kutokea mtumishi wa ubalozini hawezi kuyatafuta asiyojua kuwa yapo.

Sheria ya mwaka 1924 iliufungua mlango, wala haikumtuma mtu kwenda kuwaita waliokuwa mbali nao. Nchi yoyote itakayo kuwakilishwa na watu wake wote, si na jamaa wa wakubwa peke yao, haina budi kuwaajiri wa kuita pamoja na wa kutahini.