Gari Kuukuu Si Maiti

Nilidhani gari kuukuu ni maiti tu. Siku hiyo nikatia spana kwenye springi ya nyuma ya Ford Model A ya mwaka 1930.

"We kijana, acha!" fundi akafoka.

Tangu Model T ya 1908 hadi 1948, magari ya Henry Ford yalilazwa springi kukingama, moja mbele, moja nyuma. Hata uzito ukiondolewa, springi ile ya nyuma hubaki imetanuliwa, inataka kujikunja.

Basi tukainua chesisi kwa jeki, tukaiegemeza kwenye stendi. Tukafunga kitanuzi cha skrubu kishike ncha zote mbili, ndipo tukatoa vishikio. Kitanuzi tukakilegeza polepole, hatujasimama usawa wa ncha.

Vidole vyangu kumi ndivyo vinavyoandika haya.