Hati Miliki Iliyofika Mtoni

Mto Rupingazi hupita Embu, mto Kathita hupita Meru, na yote miwili, iliyozaliwa Mlima Kenya, huishia katika mto Tana. Maji ya mjini basi huharibika au hupona mapema, katika mashamba ya chai na kahawa yaliyo juu ya mji. Wengi husema sheria za kulinda vyanzo vya maji zinatosha, kilichokosekana ni utekelezaji. Naona kosa lilitangulia utekelezaji: ardhi iligawanywa kabla mto haujatengewa sehemu yake.

Zamani ardhi ilikuwa ya ukoo, na mahali palipoheshimiwa, kama mti wa mugumo au msitu wa Giitune huko Meru, palilindwa na mwiko na kauli ya wazee. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza msitu wa Mlima Kenya kuwa hifadhi, lakini chini ya mpaka huo mto uliendelea kupita kwa watu. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali hiyo wa kupanga ardhi upya na kuitolea hati. Vipande vilivyotawanyika viliunganishwa, na mashamba mengi yakapimwa kama ukanda kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, ili kila familia ipate mahali pa kahawa, pa nduma na pa kuteka maji. Ulikuwa mgao wa haki, lakini ulifanya ukingo wa mto kuwa mali ya mtu mwenye hati.

Masharti yakafuata nyuma. Kanuni za kilimo za 1965 zilikataza kulima ndani ya mita 2 za kijito chembamba. Kanuni za maji za 2007 zikataka angalau mita 6 kila upande, hadi 30 kwa mto mpana. Shamba la nusu ekari linalogusa kijito kwa mita 50 hupoteza hapo mita za mraba 300, karibu sehemu moja kati ya saba. Anayeambiwa aache nduma na nyasi za ng'ombe wake bila kupewa mbadala hakatai kwa ukaidi; anatetea chakula cha nyumbani.

Yupo atakayejibu kwamba mto ni wa wote, na dola itumie nguvu. Nguvu inahitajika, lakini peke yake haitoshi: uchunguzi wa angani wa 1999 ulionyesha ukataji miti, uchomaji makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya, uliokuwa umehifadhiwa kisheria kwa miaka 67. Mwingine atasema majirani hawawezi kushtakiana. Ni kweli, ndiyo maana vyama vya watumiaji wa maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002, havifai kuachiwa kazi ya polisi. Kazi yao ni kuijua kila chemchemi, kila mkaratusi unaonyonya bonde, na kukubaliana ni mianzi au miti gani ya kienyeji itakayochukua nafasi yake.

Makubaliano hayo yanahitaji fedha na ramani, na vyote viko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010 ilizikabidhi huduma za maji na kazi ya kuhifadhi udongo na maji, na sheria ya 2019 inazitaka ziandae mipango ya matumizi ya ardhi. Mpango utakaouchora ukingo pamoja na mkulima wake, na kumlipia miche na lishe ya mifugo, utarekebisha kile ambacho wapimaji wa zama za Swynnerton walikiacha.